Ukwaju wa Katarina

Katarina alikuwa na mimba changa na kila alichokula kilirudi: ugali, maharage, hata uji mwepesi. Mimba ya kwanza ilitoka namna hiyo hiyo, na mganga wa zahanati hakuzungukazunguka: asipokula, hata hii wasiitegemee. Yeye alitamani kitu kimoja tu, ukwaju wa kwao Baray. Na Rhotia alikoolewa, kule juu kwenye baridi, mkwaju hauoti.

Mumewe, Patrisi, alikosa raha kabisa. Kabla ya kuteremka Baray na lori la vitunguu alimpitia katekista Martini, mtu wa kujua mambo, akamuuliza ukwaju ukoje. Martini akamweleza kwamba Waarabu huuita tamri hindi, yaani tende ya Kihindi, na Wazungu nao jina lao wamelitoa hukohuko. Haya, asante sana, lakini tende yenyewe Patrisi hakuwahi kuiona.

Angeuliza ukweni, mambo yangeisha. Ila ukweni mtu haendi mikono mitupu, na miaka ile sukari ilitafutwa kwa tochi. Akaona aibu, akaenda kuchuma mwenyewe kwenye mti ambao dereva wa lori alimwonyesha kando ya njia. Sasa mkulima wa maharage, mwonyeshe ganda, utamwambia nini? Akakaa chini akamenya. Ule uozo wa kahawia akautupa, mbegu akazisugua kwa shati lake mpaka zikang'aa.

Jioni ya siku ya pili akazimwaga kwenye ungo mbele ya mkewe, anatabasamu.

"Nimekuchagulia nzuri tupu."

Katarina akaziangalia. "Na nyama yake iko wapi?"

"Ile iliyooza? Nimeitupa."

Machozi yakamlengalenga Katarina, kisha kicheko kikamshika, yeye ambaye hakuwa amecheka tangu Pasaka. Patrisi akajua ameharibu. Akainamisha kichwa.

"Nisamehe, mke wangu. Alfajiri narudi Baray."

"Hebu vua hilo shati."

Mbele yote lilikuwa limegandamana ukwaju. Katarina akalitia kwenye bakuli la maji, akalikamua, akanywa, jasho na vumbi humohumo. Wakasubiri. Patrisi alikaa kifua wazi kwenye ile baridi, hathubutu hata kukohoa.

Maji hayakurudi. Katarina akajipangusa mdomo.

"Uji umebaki?" akauliza, na Patrisi akakimbilia jikoni huku analia.