Miji ya Paskazia

Paskazia alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyofunikwa gunia, anaponda mawe. Jiwe alilizungushia pete ya mpira wa tairi ili vipande visimrukie machoni, akaligonga kwa nyundo mpaka likawa unga wa kupeleka kuoshwa. Mbele yake palikuwa na duara, shimo la dhahabu la Maduhu, lililoporomoka tangu wakati wa palizi, na mwanawe Ndaki alikuwa humo. Mikono ilipomchoka akasema, kama alivyozoea akichoka, bila kumlenga mtu:

"Kitendawili."

"Tega," Ndaki akajibu kutoka chini ya kifusi.

Paskazia akaweka nyundo chini. "Anakunywa kila asubuhi, hakojoi."

"Mtungi, mayo. Hicho ulinitegea sijaota meno."

Akamwuliza ameumia wapi. Kimya. Akamwuliza anakula nini. Kimya. Akasema kitendawili, akaitikiwa tega. Basi akaelewa kwamba aliyefukiwa kabakiwa na mchezo tu, akatega kingine.

Siku zilizofuata, jua likishapungua ukali, wanawake wote wa kuponda waliacha nyundo wakaja kukaa pale mdomoni mwa duara. Violeth, mke wa Ndaki, alileta kikaango chake cha mihogo. Mtu akimwuliza hali ya mume wake, alijibu, "Yuko vizuri kwa vitendawili. Mengine hasemi. Hata alipokuwa juu mengine alikuwa hasemi."

Ndaki tangu utoto alipenda kushindwa, kwa sababu anayeshindwa hutoa mji, na yeye alipenda kutoa. Alianza na Chato. Hakuwahi kufika Chato, alisikia tu kuna upepo wa ziwa, mtu analala bila kujipepea.

"Nimefika Chato," Paskazia alisema, "nimekula sato, nimelala kwenye godoro, wenyeji wananiita shangazi. Jibu lake ni mlango wa bati."

Chini kulisikika kicheko, na juu wakacheka. Zamani pale mahali hapakuwa na kicheko, palikuwa na vumbi na kukohoa. Paskazia alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu alirudi nyumbani, ugali ukamshinda. Nyuma ya nyumba, kando ya kaburi la baba yake Ndaki, kulikuwa na kipande ambacho aliacha kukipanda viazi. Alichotaka ni kumtoa mwanawe amlaze hapo.

Matimba ya kushikilia kuta za duara yalikuwa bado yamelala karibu na kibanda cha mlinzi, hayajaguswa. Maduhu alisema watu wote walitoka. Paskazia alipokwenda kulalamika, alikuja afisa mmoja wa madini kwa pikipiki.

"Msikilize mwenyewe," Maduhu akamwambia. "Mtu anayecheka vile ana shida gani?"

Afisa akasikiliza. Akategewa, akashindwa, akatoa Dodoma, akafuta machozi ya kicheko. Kabla ya kuondoka alimwomba Paskazia asimkatize kijana raha yake.

Jioni ile Paskazia alikuja bila nyundo.

"Kitendawili."

"Tega."

"Nyumba imejengwa kwenda chini, haina nguzo, wageni wake hawaagi."

Mafuta ya Violeth yalisikika kwenye kikaango. Pale hakuna ambaye hakulijua jibu.

"Kimenishinda, mayo."

"Nipe mji."

"Chato umechukua. Nkome umechukua, Kahama pia. Nimebaki na hapa nilipo."

"Basi nipe hapo."

"Chukua."

Paskazia hakusema amefika wala amekula nini. Aliinuka akaenda kutafuta jembe.

Asubuhi Maduhu alimkuta ameshaingia mpaka magotini.

"Shikamoo, Mama Ndaki."

"Marahaba."

"Naona unachimba kwangu."

"Nimepewa."

Maduhu akawauliza wanawake. Wakasema ndiyo, amepewa, walisikia. Akafikiri, akaona hana pa kukatalia. Naye alilelewa na bibi, alijua mji ukishatolewa haurudi.

"Shimo ni lako," akasema. "Winchi ni yangu, kamba ni yangu, na vijana ni wangu."

Akaifungua winchi akaihamishia pembeni kidogo, vijana wakaanza duara jipya. Matimba, alisema, yatafuata.

Paskazia alichimba. Kifusi alichokitoa mchana, usiku kilirudi. Ndaki hakuitika tena. Alishatoa mahali alipokuwa, na asiye na mahali ataitikia akiwa wapi? Violeth alihamisha kikaango kwenye duara jipya.

"Usinune, mayo," alisema. "Mihogo haijiuzi."

"Sijanuna, ng'wana wane. Nenda."

Mvua zilipokuja, duara jipya likashuka mchana mmoja, taratibu, kama mtu anayekaa chini. Maduhu alisema watu wote walitoka. Paskazia alikuwa mdomoni mwa shimo lake, anapumzisha mikono.

"Kitendawili," akasema.

"Tega," zikaitika sauti kadhaa kutoka pembeni.

Akaitafuta ya Ndaki kati yao. Haikuwemo. Lakini walikuwa wanangoja, na wote walikuwa watoto wa watu. Akawategea kile cha mlango wa bati. Wakaupata, wakafurahi, wakasema sasa ni zamu yao. Mmoja mwenye sauti nyembamba akatega cha watoto wa chekechea:

"Namkimbiza ananikimbia, nikisimama anasimama."

Paskazia alikuwa na kivuli chake pale pale miguuni. Akakiangalia.

"Kimenishinda," akasema.

"Tupe mji, bibi."

"Chukueni Chato. Kuna upepo."

"Tumefika Chato," wakasema kwa pamoja, "tumekula sato."

Wanawake wakaweka nyundo chini, wakaanza kusogea. Violeth akageuza mihogo. Maduhu alikuwa ameshaifungua winchi, anaangalia pa kuihamishia.