Makala za Dakta Mazengo

Saa nne asubuhi, siku ya kumuaga Dakta Mazengo, Lea alifuta akaunti ya mzee huyo kwenye jukwaa la blogu la chuo. Kitengo cha kompyuta kilikuwa kimeagiza: anayestaafu afutwe siku hiyohiyo, na kila idara ijifutie yenyewe. Tovuti ya idara ya mifugo ilikuwa mikononi mwa Lea, basi akabofya. Mtambo ukauliza: vitu vyote vya mtumiaji huyu vifutwe, au vihamishiwe kwa mwingine? Lea akacheka peke yake. Vitu gani? Mzee hakuwahi kuandika humo hata nukta. Akachagua vifutwe.

Kisha akafungua tovuti aitazame, maana saa nane wageni wangeonyeshwa ukutani kwa projekta. Jina la idara lilikuwepo. Picha ya ng'ombe ilikuwepo. Chini yake maneno mawili: Hakuna makala.

Akafunga, akafungua tena. Hakuna makala.

Miaka mitatu! Miaka mitatu Lea alizunguka Mpwapwa hadi Kongwa na daftari, akikusanya maswali ya wafugaji, akamsikiliza mzee akiyajibu, akakaa kuyaandika. Makala mia tatu na kumi na mbili, zote jasho lake, na zote alizitia jina la Dakta Mazengo. Hakuna aliyemwagiza. Aliona haya tu: binti wa diploma, jina lake litangulie la mkuu wa idara? Siku moja mzee mwenyewe alimuuliza, "Lea, jina langu linatafuta nini hapa? Mimi sijaandika."

"Ndivyo mtambo unavyotaka, mzee."

Uongo mtupu. Sasa mtambo ulikuwa umeuamini.

Akampigia Yotham wa kitengo cha kompyuta.

"Backup, nakala za akiba, tulikuwa tunachukua," Yotham akasema, "ila server ilijaa miaka minne iliyopita, tukaacha. Tulishaandika barua."

"Barua! Yotham, mnaniambia barua?"

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini nani akumbuke methali wakati ameloa mwili mzima? Lea alidandia bodaboda hadi Nkuhungu, nyumbani kwa mzee, akamkuta barazani amevaa suti, anapiga viatu rangi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona umekuja mbio, kuna msiba?"

Akamweleza yote, hata ule uongo, huku machozi yakimdondoka. Mzee aliweka kiatu chini taratibu. Akaingia ndani, akakaa huko mpaka Lea akaamini amekasirika. Alipotoka alikuwa amebeba mafaili matatu manene kifuani.

Lea aliyatambua. Kila Ijumaa mzee alitaka makala za wiki zichapwe kwenye karatasi, eti macho yake hayaelewani na kioo cha kompyuta. Lea alimchapia, kisha akaenda kantini kumcheka na wenzake.

"Nne za mwisho hazimo," mzee akasema. "Ulisema wino umekwisha. Fungua."

Akafungua. Ukurasa wa kwanza ulikuwa juu ya homa ya mapafu ya ng'ombe. Pale palipoandikwa Dakta Mazengo pamekatwa kwa kalamu nyekundu, na juu yake, kwa mwandiko wa mzee: Lea Matonya. Ukurasa wa pili vilevile. Akapekua katikati, akapekua mwisho, akachukua faili jingine. Jina lake lilikuwa kila mahali, na wino wa zile za mwanzo ulikuwa umeshapauka.

Lea alikaa kwenye ngazi bila kukaribishwa.

"Mtambo wako ulitaka hivyo," mzee akasema. "Mimi sikutaka. Haya, nisaidie kubeba, wageni wanasubiri."

Saa nane projekta haikuwashwa. Dakta Mazengo alisimama mbele ya ukumbi, akavaa miwani, akasoma makala ya kwanza kwa sauti, akianza na jina la mwandishi.