Mzee Saba, Binti Tatu na Kanga Niliyovishwa

Ndoto hii niliiota mchana, kabla ya alasiri, nami naiandika kwa hati ya mtu aliyeishia darasa la saba, maana nikiisimulia kwa mdomo sauti hunikatika. Siku ile nilikuwa nimetoka dukani kwa fundi Mrisho na kompyuta ya mjukuu wangu Zamda, nimeitia kwenye kikapu cha ukindu na kuifunika kitenge kama maandazi. Zamda anasomea kuchora ramani za nyumba. Mwezi mmoja nyuma, tulipokwenda kuinunua, fundi alitutolea mbili mezani. Mimi nikachagua kama nichaguavyo sufuria: nikanyanyua moja moja nipime uzito, nikazigonga mgongoni kwa kifundo cha kidole, nikatega sikio. Moja nzito, imebandikwa namba saba. Nyingine nyepesi kama sahani ya bati, imebandikwa tatu. Zamda akaninong'oneza, "Bibi, tuchukue hii tatu, ni ya kizazi kipya." Nikamjibu kwa sauti, wateja wote wasikie, "Nyamaza huko, mke mwenzangu! Tangu lini tatu ikaishinda saba?" Watu wakacheka. Tukaondoka na saba.

Tangu hapo ni taabu. Zamda akifungua ramani, kompyuta inavuma kama mashine ya kukoboa, inachemka hata haipakatiki, halafu picha inaganda. Kazi zake chuoni zikachelewa, naye akagombezwa. Mimi nikawaambia wanawake wenzangu, tukichambua mchele wa harusi, kwamba mtoto yule mvivu. Basi siku hiyo fundi akanieleza taratibu, kama anayemlisha mgonjwa: "Bibi, prosesa ndiyo ubongo wake. Hii saba ni ya kizazi cha tatu, cha zamani; enzi zake ilikuwa bingwa. Ile tatu ni ya kizazi cha kumi na mbili. Inafanya kazi maradufu, na umeme inakula nusu. Bado ipo. Nikubadilishie?" Nikaona nikikubali nitakuwa nimekiri kosa. Nikasema nitafikiria. Nyumbani Zamda akanipokea mlangoni. "Fundi kasemaje, bibi?" Nami, Mungu anisamehe, nikamjibu, "Kasema mashine nzima. Wewe ndiye hujui kuitumia." Hakubisha. Alisema tu, "Basi naandika barua, naacha chuo," akaingia chumbani. Nikajilaza kwenye mkeka wa sebuleni, usingizi ukanichukua.

Nikajikuta katika nchi isiyo na kivuli. Ardhi yake ilikuwa ya kijani kibichi, imechorwa njia nyembamba za shaba zilizokata kona kali kali, na zote zilielekea uwanja mmoja. Njiani alisimama mwanamke mnene, wanja umemfika masikioni, jina lake Majivuno. "Karibu, somo yangu!" akanikumbatia. "Mtu kama wewe haingii hapa bila vazi." Akanivisha kanga mpya yenye kunukia duka, akaitupa mabegani mwangu ili yale maneno yaandikwayo pindoni yakae mgongoni, nisiyaone. Nikatembea najitikisa. Watu wakanipisha, wakausoma mgongo wangu, wakainamisha nyuso. Nikadhani ni heshima.

Uwanjani magunia ya mahindi yalirundikwa kama kilima, na bwana mmoja aitwaye Haraka alikuwa akipuliza filimbi, yapandishwe ghalani. Wapagazi walikuwa wawili. Mzee Saba, mpana wa mgongo, alikuwa na mikono minne iliyoshupaa; kila baada ya gunia alikunywa pipa zima la maji, na mvuke ukamtoka masikioni. Binti Tatu, mwembamba, alikuwa na mikono sita, miwili ya nguvu kwa magunia na minne myepesi ya kuokota punje zilizomwagika; alionja kibuyu kidogo cha maji na kuendelea, huku anaimba. Pembeni yao, Mola wangu, alipiga magoti Zamda. Kila Mzee Saba aliposimama kuhema, Haraka alimchapa fimbo Zamda.

"We bwana, una wazimu?" nikapiga kelele. "Aliyechoka ni yule!"

"Nimeambiwa kosa ni la huyu," Haraka akajibu. "Muulize aliyenituma."

Nikamgeukia Mzee Saba kwa hasira. "Na wewe! Saba nzima, huoni aibu kushindwa na tatu?"

Akaweka gunia chini, akajifuta. "Mama, enzi zangu nimebeba mizigo ya watu wazima wenye heshima zao. Sikukudanganya hata siku moja. Hukuniuliza umri, uliniuliza uzito. Ungenipa kazi za kuandika barua ningekutumikia bila kuguna. Ila niambie, mbona uchovu wangu anapigiwa yule mtoto?"

Nikakimbia nimkinge Zamda, nikamwinamia, na hapo akauona mgongo wangu. Alisoma, akashusha macho, wala hakulia. Ndipo akaja mwanamke aliyetembea peku, mtandio umemfunika nusu ya uso. Akasema anaitwa Haya. Akanivua ile kanga polepole, akaitandaza chini mbele yangu. Herufi zilikuwa na urefu wa kidole. Nikazisoma kwa kuunganisha silabi, kama mtoto wa darasa la pili: FUNDI KASEMA HUJUI.

"Nani kaandika?" nikauliza, na sauti yangu mwenyewe ikanichoma.

"Wino umetoka kinywani mwako," akasema Haya. "Usinikimbie, mama. Mimi nauma, lakini siui. Majivuno humvisha mtu kwa nyuma, asijue anachotembea nacho. Mtoto huyu akiondoka hapa anayaamini maneno haya, atayavaa hata siku atakayokuzika."

Nikainama niikunje kanga, niifiche kifuani. Ikawa ya moto kama chuma cha pasi. Nikazinduka, mikono imekunja mkeka.

Chumbani kalamu ilikuwa ikikwaruza karatasi. Nikaingia bila hodi, nikakaa sakafuni, yeye juu ya kitanda.

"Zamda, nimekudanganya. Fundi hakusema hujui. Kasema mashine ndiyo haiwezi. Nilichagua vibaya, nikaona haya kukwambia."

Kalamu ikasimama. "Rudia, bibi."

Nikarudia. Mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza.

"Mwezi mzima najiona mjinga," akasema. "Wenzangu wanamaliza, mimi najipiga kichwa kwa ngumi. Na wewe ulikuwa unajua?"

"Tangu leo asubuhi. Lakini siku ile dukani ulinionya, nikakunyamazisha."

Hapo ndoto ikanifungukia yote. Yule mzee hakuwa ananilaumu kwa kumchagua. Alikuwa ananiombea mtoto wangu atuliwe mzigo usio wake, na mwenye kuutua ni mimi peke yangu. Nikamwambia, "Inuka, twende. Fundi atatubadilishia."

Hakuinuka. "Dukani utasema wewe," akasema, bila ule utani wetu. "Useme kama ulivyosema sasa hivi."

"Nitasema."

"Kwa sauti, bibi. Wateja wasikie."

Nikamwangalia usoni, macho yake yamevimba.

"Wateja wasikie," nikasema, nikatafuta mtandio wangu.