Uzi wa Mikunjo Sita

Mwanakhamis alivua miwani, akafumba macho. Miezi minne ameudarizi ukuta wa kofia ya mumewe, kitundu baada ya kitundu, na leo, alipoushona kwenye duara la juu, ukuta ulizidi duara karibu vidole viwili.

"Hii kofia au kifuniko cha birika?" aliuliza Mzee Gharib kutoka kitandani.

"Cheka tu. Kichwa chako ndicho kilichotuponza. Vya wenzio navipimia sahani ya bati. Chako mtaa mzima wa Kibokoni hakina sahani."

Gharib alicheka hadi kikohozi kikamkatiza. Tangu arudi kutoka hospitali hajatia mguu msikitini. Kofia ya zamani ilichanika, na yeye si mtu wa kuazima. "Nitatoka Ijumaa ya kofia mpya," alisema, na Ijumaa zikawa zapita. Mwanakhamis alichelea asije akakizoea kile kitanda. Na bafta, kitambaa cheupe cha kofia, ilibaki kipande kimoja.

Aida, mjukuu wao anayesomea ualimu, aliinamisha kichwa. Duara lile alilipiga hesabu yeye.

"Nyanya, nimekosea wapi? Mzunguko wa kichwa cha Babu ni sentimita hamsini na saba. Ukigawa kwa sita nukta mbili nane, toka katikati hadi ukingoni unapata tisa na kidogo."

"Sijui, mwanangu. Hesabu zangu mimi ni za uzi."

Uzi huo ndio aliofunzwa na mamake: uzungushe kichwani, uukunje mapande sita sawasawa, pande moja ndilo la kuchorea duara. Jana aliuacha kwa uchovu, na kwa kuwa binti alifurahi mno kumsaidia.

Sasa aliuzungusha tena kwenye kichwa cha mumewe, akaukunja, akampa Aida aulaze kwenye rula.

"Tisa na nusu. Umezidi, Nyanya."

"Kiasi gani?"

"Nusu sentimita, haifiki."

Mwanakhamis aligeuza kofia iliyoharibika, akapapasa upindo wa ndani. "Na mshono umekula kiasi gani? Pima."

Aida alipima. Akapima tena. "Hiyo hiyo!"

"Basi hukukosea. Duara lako ni la kushonea, la uzi ni la kukatia. Miaka arobaini nashona, nami nikatia mkasi palipotakiwa sindano!"

"Mwalimu na mwanafunzi wote sifuri," alisema Gharib.

Walichora maduara mawili, moja ndani ya jingine. Mwanakhamis alikata la nje, kisha akakaa kufumua mshono wa kwanza. Mgongo ulimuuma, vidole vilikufa ganzi. Alipogeuka kutafuta sindano alikuta kumi zimechomekwa kwenye mto wa kuegemea, kila moja imekwisha tungwa uzi. Aida alikuwa jikoni anaosha vyombo.

Juu ya kofia alipaacha bila darizi. Macho hayakumudu.

Ijumaa Gharib aliivaa, akatikisa kichwa kulia na kushoto. Ilitulia.

"Yabana?"

"Imenikaa sawa." Alipapasa pale juu palipo wazi. "Na hapa papumue."

Alitoka polepole, mkono mmoja ukutani, mwingine begani kwa Aida. Mwanakhamis aliketi mlangoni amsindikize kwa macho hadi kwenye kona. Kabla mzee hajafika huko, usingizi ulikuwa umemchukua mkewe, na sindano ya kumi bado i mkononi.