Mafuta ya Breki ya Abu Kutaiba

Mitaa ya mji wa Salt, huko Yordani, imening'inia mlimani, na gari lisilo na breki nzuri halimfikishi mtu sokoni. Ndiyo maana Dhirar, ambaye majirani wote humwita Abu Kutaiba, alikuwa na desturi ya kubadilisha mafuta ya breki mwenyewe, uani kwake, Ijumaa kabla ya sala. Aliendesha malori ya fosfeti kwenda bandari ya Akaba mpaka akastaafu, na fundi wa kumgusia gari lake alikuwa bado hajazaliwa.

Mkewe, Nawfa, ndiye aliyekuwa mguu wake. Nawfa hukaa nyuma ya usukani, Dhirar hulala chini kando ya gurudumu na spana. Akiambiwa "kanyaga," Nawfa hukanyaga breki. Akiambiwa "shika," huubana mguu palepale, Dhirar alegeze kinati cha kutolea mafuta gurudumuni, mafuta machafu yatiririke kwenye mpira mwembamba. Kinati kikishakazwa ndipo husikia "achia." Mguu ukiachiwa mapema upepo unaingia, na breki yenye upepo ni kama haipo. Walikuwa wameifanya kazi hiyo wakiwa wamepatana na wakiwa wamenuniana, na haikuwahi kuharibika.

Ijumaa hiyo gurudumu la kwanza lilikwenda vizuri. Kwenye la pili Dhirar alisema "shika," kisha akanyamaza sana, kisha akasema "achia," na Nawfa alipokwisha kuachia akasema "achia" tena. Nawfa akamuuliza kama amekaza. Akajibiwa atazame mguu wake. Baadaye Dhirar akainuka, akafungua kikopo cha mafuta chini ya boneti, akakiangalia kwa muda, akafunga, akarudi chini. Nawfa alidhani ameongeza mafuta mapya.

Kwenye gurudumu la tatu pedali ilizama mpaka sakafuni, laini kama unga uliokandwa. Nawfa akamwambia. Dhirar akatoka chini ya gari na uso mwekundu.

"Umeachia kabla sijakwambia."

"Umesema achia, Abu Kutaiba."

"Niseme achia na kinati kiko wazi? Mimi?"

Nawfa akaanza kulitilia shaka sikio lake la kushoto, lililokuwa likimsumbua tangu majira ya baridi. Kwenye roshani ya juu alikuwapo jirani yao, Umm Hazim, akianika mashuka. Nawfa akamuuliza amesikia nini. Umm Hazim akaomba asiingizwe kwenye ndoa ya watu, akaanika shuka zima, ndipo akasema, "Alisema achia, dada yangu. Mara mbili."

Dhirar akacheka, akasema wanawake wamempangia njama. Nawfa akashuka garini akaenda kuangalia kikopo. Kilikuwa kikavu.

"Nimejaza sasa hivi," Dhirar akasema.

Chupa ya mafuta mapya ilikuwa juu ya ngazi, mfuniko wake haujakatwa. Dhirar akaichukua, akaigeuza, akaitikisa karibu na sikio. Akasema hiyo ni nyingine, walinunua mbili. Nawfa alijua wamenunua moja. Hata hivyo aliingia jikoni akatafuta chupa tupu chini ya sinki, kwa sababu hakujua tena amwamini nani. Hakuiona.

Wakajaza kikopo, wakarudia magurudumu yote, na safari hii Nawfa hakuachia pedali bila kuuliza kama kimekazwa. Pedali ilipanda kidogo, lakini bado ilibonyea. Taa ya ABS, ule mfumo wa kuzuia magurudumu yasikwame breki zikikanyagwa ghafla, ikawaka na haikuzimika. Dhirar akaketi kizingitini na gilasi ya chai, akamweleza mkewe kilichotokea. Kikopo kilipokauka, upepo uliingia ndani ya sanduku la ABS, lenye vilango vidogo visivyofunguka kwa mguu. Vinahitaji kompyuta ya gereji. Hakuruka neno. Hapo ndipo Nawfa alipozidi kuchanganyikiwa. Mtu anayelijua gari hivi amekitazamaje kikopo kikavu akakiona kimejaa?

Kesho yake gari likabebwa hadi gereji. Fundi akaunganisha kompyuta yake, vilango vikafunguka, upepo ukatoka, taa ikazimika. Akauliza imekuwaje upepo ukafika huko. Nawfa akawahi kujibu kwamba ni mguu wake, uliteleza.

Dhirar aliendesha mpaka karibu na nyumbani, ndipo akauliza.

"Mbona umemdanganya yule?"

"Nimemdanganya nini?"

"Ni mimi niliyesema achia. Nimekumbuka." Akapunguza mwendo. "Au nimekumbuka kwa kuwa mmeniambia. Sijui, Nawfa. Kweli sijui."

Hakuwa na kawaida ya kumwita kwa jina lake mchana. Nawfa akamshika mkono uliokuwa kwenye gia, na hakumwambia kwamba wiki iliyotangulia yeye Dhirar aliuliza kama mama yake mzazi amekula, na mama huyo amezikwa zamani.

Wakaenda kwa daktari. Akapimwa damu, ikaonekana ana upungufu mkubwa wa vitamini, akaanzishiwa sindano. Daktari alisema huenda ni hilo tu, akili ikarudi yote. Huenda pia lipo jingine nyuma yake, na njia ya kujua ni kungoja. Dhirar alimuuliza angoje mpaka lini, daktari akajibu mpaka itakapojulikana. Wakatoka wakitazamana.

Sasa anachomwa sindano zake. Zipo asubuhi anazofungua redio ya zamani, akaisafisha, akaifunga, ikaimba. Zipo nyingine anazokwenda uani, akasimama kando ya gari na spana mkononi, kisha akarudi ndani kumuuliza mkewe alikuwa anataka kufanya nini. Nawfa humwambia hata yeye hajui, waketi kwanza wanywe chai. Wakati mwingine anasema kweli.