Karatasi Katikati ya Jukwaa

Chiriku aliingia mazoezini na stendi ya chuma begani, kama mtu anayekwenda shambani na jembe. Hakusalimu. Aliruka nyaya, akaikita stendi mbele ya maikrofoni ya katikati, akaipanua miguu, kisha akapanga juu yake karatasi zenye herufi kubwa kama za kibao cha duka.

Chumba kizima kiliigeukia stendi. Kilikuwa gereji ya zamani, kuta zake zimegongomelewa magodoro machakavu ili majirani wasije na mawe, na ndani yake mlikuwa na sheria moja: hapandi mtu jukwaani na karatasi. Mwimbaji mpya alikaa msimu mzima akisikiliza na kumeza maneno, ndipo aguse maikrofoni. Aliyekamatwa na kikaratasi aliitwa karani mpaka jina lake la kuzaliwa likasahaulika. Na sheria hiyo hakuileta mgeni. Aliitunga Chiriku mwenyewe pamoja na marehemu mumewe, walipoianzisha bendi.

"Shemeji," alisema kiongozi wa bendi. Alikuwa mdogo wa yule marehemu, mpiga gitaa, mtu wa mashati yaliyonyooshwa hata kwenye joto la gereji. "Hiyo ndiyo nini?"

"Stendi."

"Naiona. Nauliza inafanya nini hapo."

"Inasimama. Stendi ingefanya nini tena?"

Mpiga dramu, ambaye wote walimwita Radi, alicheka kwa pua, kisha akajifanya amepiga chafya.

Kila mtu alijua kilichomleta Chiriku na karatasi. Kabla ya mvua zilizopita alipatwa na kiharusi. Mkono ulirudi, mguu ukarudi, na sauti, kwa maajabu, ikarudi nzito kuliko mwanzo, kama uji uliokaa jikoni. Maneno ndiyo yaliyohama. Ukimpigia wimbo wowote alijua upandie wapi na ushukie wapi, alijua pa kuvuta pumzi na pa kumchokoza mpiga tarumbeta, lakini alipofungua kinywa aliikuta nyumba tupu, hata mikeka imekunjwa. Daktari alisema huenda yatarudi, huenda yasirudi. Chiriku akamjibu kwamba huenda zake hazimlishi mtu, akaenda kwa binti wa kaka yake, aliyekuwa mwitikiaji katika bendi hiyohiyo, akamwomba amwandikie nyimbo zote. Binti alikaa na santuri za zamani akisikiliza na kuandika, akarudisha sindano nyuma na kuandika tena, mpaka vidole vikaota sugu.

"Shemeji, watu watakuja Jumapili kumwona Chiriku," kiongozi alisema, sasa kwa upole wa mtu anayembembeleza mgonjwa anywe dawa. "Hawaji kumwona mwanafunzi anasoma ubaoni. Mimi nimeshaongea na fundi mitambo. Tutaweka kanda. Sauti ni yako, ile ya zamani, safi. Wewe utasimama pale, upendeze, uchezeshe midomo. Nani atajua?"

"Mimi."

"Wewe si mtazamaji."

"Ndiyo maana nitajua zaidi." Chiriku alivaa miwani yake, akamtazama kwa juu ya fremu. "Mwanamume mzima unaniomba nijiigize! Nikifa je, mtanikalisha kwenye kiti mniwekee kanda? Mtanifunga uzi kidevuni?"

"Hatuongelei kifo hapa."

"Tunaongelea midomo isiyotoa sauti. Mimi naijua ya namna moja tu, na huwa inazikwa."

Binti wa kaka yake akainamisha kichwa kuficha meno. Kiongozi akawasha moto mwingine. "Bendi hii haijawahi kupanda na karatasi. Heshima yetu ni kichwa."

"Kichwa cha nani?" Chiriku aliiacha stendi, akamwendea. "Hebu geuza gitaa lako. Geuza, shemeji, usione haya, hapa ni nyumbani."

Kiongozi hakugeuza. Radi, ambaye ulimi wake haukuwahi kuijua breki, akamgeuzia. Ubavuni mwa gitaa, upande unaotazama kidevu cha mpigaji, palikuwa na plasta nyeupe yenye herufi ndogondogo, za kumkumbusha vidole viende wapi.

"Na wewe usicheke," Chiriku alimgeukia Radi. "Kwenye ile dramu ndogo umebandika nini?"

"Mwendo tu, mama. Upi wa haraka, upi wa polepole."

"Na mpiga tarumbeta?"

Mpiga tarumbeta, mtu mnene mpole, alifumba kiganja. Wino ulikuwa umeshavuja mpaka kwenye vifundo.

"Haya. Bendi nzima mna makaratasi, ila mmeyavalisha nguo. Langu liko uchi, basi mnaliona jinamizi."

"Yetu hayaonekani," kiongozi alisema.

"Kwa hiyo aibu ni kuonekana, kusahau hakuna neno?"

Mtu aliyebanwa mbele ya vijana wake hutoa amri, na kiongozi akatoa yake. Akasema sawa, apande na karatasi zake. Lakini fundi mitambo atakaa na kanda tayari. Chiriku akikwama, yeye kiongozi atainua shingo ya gitaa juu, kanda iingie, na baada ya hapo Chiriku ashuke jukwaani moja kwa moja, asiombe tena kupanda. Nafasi ya mbele ataichukua binti wa kaka yake.

"Mimi siitaki," binti alisema.

"Hujaulizwa."

"Ndiyo maana nasema kabla sijaulizwa, mjomba."

Chiriku akampiga binti begani kumtuliza. "Nimekubali," alimwambia shemeji yake. "Inua gitaa lako kadiri utakavyo. Mwisho litakuchosha mkono."

*

Jumapili alasiri ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye madirisha. Feni za dari zilizunguka kivivu, na mwanga wa jua ulipenya kwenye matundu ya bati ukatua juu ya vichwa vya watu. Bendi ilipanda, shangwe zikapanda nayo. Kisha Chiriku akatokea, gauni la kijani, stendi mkononi, na shangwe zikapungua kidogokidogo, kama bomba linalofungwa na mtu asiye na uhakika.

Waitikiaji walikuwa wamemwachia nafasi pembeni, nyuma ya spika, mahali ambapo stendi isingeonekana. Aliipita. Akaiweka katikati, pale pale mbele, akaipandisha mpaka kifuani, akavaa miwani mbele ya macho ya watu wote.

"Mama!" sauti ya kiume ilipazwa kutoka nyuma. "Leo tuna mtihani?"

Kicheko kikatembea ukumbini.

"Tunao," Chiriku alijibu kwenye maikrofoni. "Na msimamizi ni wewe, kwa hiyo kaa chini, unanizibia mwanga."

Kicheko kikarudi, safari hii kikiwa upande wake. Alimtikisia Radi kichwa, Radi akaangusha fimbo, na wimbo wao mkubwa ukaanza, ule ambao watu wameuolea na kuuachikia.

*Usibishe hodi kwangu, viatu navitambua,
Tangu kona ya mtaa, mlio wake najua.*

Alisoma. Hakujificha kwamba anasoma. Macho yalishuka kwenye karatasi, yakapanda kwa watu, yakashuka tena, na sauti haikujali macho yako wapi. Ubeti wa kwanza ukapita. Kiitikio. Wa pili ukapita, na wakati wa kugeuza karatasi alilamba kidole akaigeuza waziwazi, kama mtu aliye mezani kwake. Wanawake wa safu za mbele walikuwa wamekwisha kuisahau stendi, wanaimba naye.

Kisha mpiga tarumbeta akapuliza ile njia ya kuingilia ubeti wa tatu, Chiriku akatazama chini, na chini palikuwa na kiitikio cha kufungia wimbo. Ubeti wa tatu haukuwepo.

Alielewa mara moja. Binti alinakili kutoka kwenye santuri. Na santuri ile, enzi hizo, upande wake mmoja haukutosha wimbo mzima, studio wakaukata ubeti wa tatu. Jukwaani bendi iliupiga wote siku zote. Kwenye santuri haukuwahi kuwemo. Binti alipojiunga na bendi, kazi yake ilikuwa kiitikio, na anayengoja kiitikio husikiliza dramu. Tarumbeta ikapuliza njia ile mara ya pili, ikimngoja. Kichwani mwa Chiriku mlikuwa na sauti ya wimbo, nzuri, kamili, isiyo na neno hata moja.

Shingo ya gitaa ikainuka.

Kutoka kwenye spika ikatoka sauti ya mwanamke kijana, nyembamba, tamu, ikiimba kiitikio. Ilikuwa yake. Bendi ikajikanyaga kuifuata. Watu wa nyuma wakapiga makofi, wakidhani mambo yamekaa sawa.

Chiriku akapandisha mkono, akajiziba mdomo kwa kiganja.

Akasimama hivyo, akiugeuza uso taratibu, kushoto, kulia, ili hata waliokaa madirishani waone. Sauti ya kanda iliendelea kuimba, mdomo umezibwa. Kicheko kimoja kikatoka, kikafa. Minong'ono ikasambaa. Radi ndiye aliyeacha kupiga wa kwanza, kisha tarumbeta, kisha besi. Fundi mitambo akamtazama kiongozi, akamtazama Chiriku, akazima.

Chiriku akaondoa mkono mdomoni.

"Yule ni binti mmoja niliyekuwa naishi naye," alisema. "Alikuwa na sauti nzuri. Lakini leo mmekuja kwangu. Mimi niliugua, maneno yakanitoka. Hapa nina karatasi, na karatasi imeruka ubeti wa tatu. Kichwani haumo, karatasini haumo. Sitawadanganya." Akageuka nyuma. "Bendi. Nani anao?"

Wakatazamana.

"Wewe, shemeji. Miaka yote umeupiga."

Kiongozi alifungua mdomo. Vidole vyake vikacheza kwenye nyuzi bila sauti, vikitafuta. "Najua unapokwenda," alisema mwishowe. "Maneno... maneno yalikuwa yako."

"Radi?"

"Mama, mimi nikisikia 'dirishani' najua napiga sahani. Zaidi ya hapo usinionee."

"Mnasikia?" Chiriku aliuambia ukumbi. "Hawa ndio wanaojivunia kichwa! Kumbe walikuwa wapangaji wangu." Watu wakaangua kicheko, na kiongozi, potelea mbali, naye akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekanyagwa na mtu anayempenda. "Haya, wenye wimbo. Ubeti wa tatu unasemaje?"

Mama mmoja wa safu ya mbele, mshonaji, aliyekuwa bado na futi ya kupimia shingoni, akasimama. "Ukirudi na zawadi, weka hapo dirishani!"

"Hapana!" mzee wa pembeni alipinga. "Ni koti! Koti lako nimegawa, amelivaa jirani! Mimi huo ubeti niliimbiwa na mke wangu, nisiujue?"

"Na koti ulirudishiwa?" Chiriku aliuliza.

"Sikurudishiwa!"

Ukumbi ukagawanyika, wa zawadi huku, wa koti kule, mashemeji na mashoga wakinyoosheana vidole. Chiriku aliwaacha wabishane. Kisha akasema, "Nipeni kalamu."

Kalamu haikuonekana. Mshonaji akachomoa penseli ya wanja kwenye mkoba, ikapitishwa mkono kwa mkono mpaka jukwaani.

"Inama, mwanangu," Chiriku alimwambia binti wa kaka yake.

"Shangazi, nisamehe, mimi ndiye niliye..."

"Inama, msamaha utaupata ukiwa umeinama."

Binti akainama, Chiriku akageuza karatasi upande mweupe, akailaza mgongoni mwake, akaanza kuandika mbele ya umati mzima. Aliandika polepole, maana mkono ule ulikuwa umerudi lakini haukuwa na haraka. Akaandika zawadi. Akaandika koti. Mtu mmoja alipiga mluzi wa kuharakisha; mshonaji akamgeukia kwa jicho lililomkalisha. Mstari wa mwisho hakuuomba kwa mtu. Kama ulikuwa wa zamani umerejea au mpya umezaliwa, hakujua, na hakusimama kuuhoji.

Akairudisha karatasi kwenye stendi. "Shemeji, shusha gitaa. Linapigwa likiwa chini."

Kiongozi akalishusha. Akatafuta ile njia ya kuingilia, akaipiga peke yake, taratibu, akimtazama yeye badala ya plasta. Chiriku akasukuma miwani juu ya pua, akasoma:

*Ukirudi na zawadi, weka hapo dirishani,
Koti lako nimegawa, amelivaa jirani,
Njoo basi peke yako, nikutazame usoni.*

Kwenye "dirishani" Radi alipiga sahani kama mtu anayevunja mlango. Mzee wa koti akapanda juu ya kiti. Kiitikio kikaimbwa na ukumbi kwa nguvu iliyoyatetemesha mabati, na Chiriku hakukiimba. Alisimama tu akivuta pumzi, mkono mmoja juu ya karatasi isipeperushwe na feni.

Shangwe hazikuwa zimetulia kiongozi alipomsogelea, shati limelowa mgongo mzima, akainamia sikio lake. "Shemeji, unaofuata unaujua?"

"Hata neno moja."

Akailamba ncha ya kidole, akafunua karatasi nyingine.

"Anza," alisema.