Joka Lisilo na Miguu

Karamu ya mtoto kutimiza mwezi ilikuwa imepamba moto, mayai mekundu ya heri yameshazunguka meza zote, mzee Qiu alipoinuka na zawadi yake. Aliisubiri saa hii kwa hamu, maana mkwe wake Xue, babu wa upande wa mama, alikuwa ametangulia kumvisha mtoto bangili za dhahabu, na wageni wakapiga makofi kupita kiasi.

"Mjukuu wangu amezaliwa Mwaka wa Joka," alitangaza Qiu. "Basi nimemletea joka la fedha! Sarafu imepimwa na wakaguzi, ikapewa alama za juu kabisa, ikafungiwa humu. Haina hata mkwaruzo!"

Kikasha cha plastiki kikapita mkono kwa mkono. Kila mmoja alisoma lebo iliyoandikwa "Joka", akaitikia kwa kichwa kwa heshima, akampa jirani. Ndivyo ilivyo kwa sarafu za kikasha: lebo ikishasema, macho yanakwenda likizo. Qiu mwenyewe alikuwa ameihakiki namba ya lebo kwenye simu mara chungu nzima. Sarafu hakuitazama.

Xue akavaa miwani. "Mkwe, joka lako miguu imekwenda wapi?"

"Miguu gani?"

"Joka lina miguu, lina pembe. Huyu ni nyoka, bwana! Umemletea mtoto nyoka!" Akacheka mpaka chai ikampalia.

Qiu alitamani ardhi ipasuke immeze. Akampigia muuzaji palepale, simu ikisikika ukumbi mzima.

"Wakaguzi hufidia wakikosea alama," alisema muuzaji. "Kosa la lebo ambalo kila mwenye macho analiona, hawafidii. Lakini dukani kwangu unarudisha ndani ya siku saba. Usivunje kikasha tu, mzee wangu. Nitakupa joka."

"Naileta leo leo!"

"Baba, ngoja kwanza." Alikuwa Yan, mama wa mtoto. Tangu asubuhi hakuna aliyemuuliza neno, ila kama mtoto ameshanyonya. "Mimi nilizaliwa mwaka wa mnyama gani?"

Qiu hakujua. Wote wakamgeukia Xue, baba yake mzazi. Akahesabu kwa vidole, akakosea, akaanza upya, kisha kicheko kikamkauka mdomoni.

"Wa Nyoka," alisema kwa sauti ndogo.

Yan akaichukua sarafu, akaiinamia simu. "Hairudi," alimwambia muuzaji. "Lebo ni ya mwanangu, aliyemo ndani ni mimi. Na hawa wote wamesoma lebo tu."